Majivu Shingoni mwa Chupa

Tulipokwisha kumzika Nyevu kule Magogoni, na watu wakala wali wa matanga wakaanza kutawanyika, niliketi nyuma ya nyumba pamoja na wasichana waliokuwa wakisugua masufuria. Umri wangu haunipi tena kazi ya kusugua, hunipa kiti. Sufuria moja kubwa ilikuwa imeshika ukoko, na msichana aliyehangaika nayo alimwaga sabuni ya unga mpaka povu likamfika viwikoni, na ukoko usitoke. Nikamwambia, "Tafuta majivu, mwanangu. Majivu na kumbi la nazi." Akaniangalia kwa adabu, kama anavyoangaliwa mtu aliyeomba kibatari mchana, akasema, "Bibi, hapa twapikia gesi. Majivu tutayatoa wapi?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Kisha kicheko kikanikatikia njiani, maana mtu wa mwisho aliyejua kwa nini majivu hunitia hofu na upendo kwa pamoja ndiye tuliyetoka kumfukia.

Nyevu alikuwa binti wa Shangazi Mbodze, na mwaka ninaoukumbuka ni ule uliofuata kumalizika kwa vita vikuu, nilipokuwa nikiishi kwao Mikokoni, kijiji kidogo kilichojibanza chini ya kilima cha Changamwe, pale nchi kavu inapoinama kuyafuata maji. Namna nilivyofika kwa shangazi si habari ya leo. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, na nilikuwa nikingoja kuambiwa kama nitapata nafasi ya kusomea ualimu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na uwa. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa kifuu, na harufu ya moshi na chumvi ambayo haikutoka hata mvua ilipopiga siku nzima. Fahari ya nyumba ilikuwa mlango. Majirani walifunga nyumba zao kwa makuti yaliyosukwa. Shangazi alikuwa na mlango wa mbao nzito, aliounasua kidogo kidogo kutoka katika chaza, kama alivyopenda kusema. Kila bahari ilipokupwa alishuka na Nyevu mpaka kwenye mizizi ya mikoko, wakabandua chaza kwa kisu butu, na jioni tukala wengine kwa sima na mboga ya mchunga, waliobaki wakaenda sokoni. Kusafisha ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Hakuna chungu kilicholala na masizi nyumbani kwake.

Kwa msomaji asiyeyajua maji yetu, naomba aweke kiganja chake juu ya meza na kupanua vidole. Meza ndiyo bahari, vidole ndivyo nchi kavu, na zile nafasi kati ya kidole na kidole ndizo hori, mikono ya bahari iingiayo bara. Sasa tazama ncha za vidole: pale maji hubadilishwa kila bahari inapojaa na kupwa. Lakini kule ndani, kwenye mizizi ya vidole, maji hukawia. Yanasukumwa kidogo, yanavutwa kidogo, na mengi hubaki palepale kama wageni waliosahau kuaga. Mikokoni ilikuwa kwenye mzizi wa kidole. Nimewachorea wanafunzi wangu kiganja hiki ubaoni kwa miaka mingi, na kila mara nilipofika pale ndani nilisimamisha chaki kidogo.

Mwaka ule masika yalikuwa makubwa. Mito iliyomwaga maji horini ilishuka myekundu, ikibeba majani, magogo na udongo wa mashamba ya watu. Mvua ilipopumzika, jua likatoka kali, upepo ukafa, na bahari ikawa katika maji mafu, siku zile ambapo kujaa na kupwa kunapungua nguvu. Asubuhi moja Nyevu alirudi kutoka pwani na kikapu kitupu. Akasema kaa wote wamepanda juu ya mizizi ya mikoko kama watu waliokimbia moto. Tulipokwenda kutazama, changu na tewa walikuwa wakielea tumbo juu, na maji yalikuwa na rangi ya chai nzito, nyekundu kama gome la mkandaa. Shangazi alichovya kidole, akakinusa, akakifuta kwenye leso yake. Ninakumbuka kile kidole kuliko uvundo.

Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, alikuja na mwavuli. Alisimama kwenye uwa, akatazama vyoo vyetu vya shimo, akatazama jaa la maganda ya chaza, akamwambia mzee wa mtaa kwamba maji yanalishwa uchafu na sisi, na kwamba ikithibitika hivyo kijiji kitaondolewa pwani na kupelekwa ndani, kwenye vichaka, mbali na maji yoyote. Ikithibitika. Neno hilo lilikaa nasi kila tulipokula. Jioni nilikuwa nikisikia wanawake wakizungumza upande wa pili wa ukuta wa makuti, wakichambua mboga.

"Huko ndani nitabandua chaza kwenye mwembe?"

"Utafuga kuku."

"Kuku nampa nini, mate?"

"Na makaburi? Mtu aliyelala pale chini ya mkwaju, yeye ataambiwaje kuwa tumehama?"

Hapo nikasikia visu vikiharakisha juu ya mboga.

Wa kuthibitisha alikuwa Bwana Fonseka, Mgoa mwembamba aliyepewa kazi ya kuyapima maji. Alikodi chumba cha kuvalia cha kanisa dogo la kilimani, akatundika shuka dirishani jua lisiharibu dawa zake, na juu ya meza ya madhabahu ya zamani akapanga vipimajoto, mirija ya kioo, na chupa za vizibo vya kioo. Chumba kilinuka nta ya mishumaa na tindikali. Alihitaji mtu mwenye macho mazuri ya rangi, asiyechoka kuuliza, na mchungaji akanitaja mimi. Nilimwuliza maswali mengi siku ya kwanza hata akaanza kuniita Mwalimu, kwa utani, kabla mtu mwingine yeyote hajaniita hivyo.

Alinifundisha kwamba maji ya hori yana tabia kama mtu, na hujulikana kwa kuulizwa swali moja baada ya jingine. Una joto gani? Una chumvi kiasi gani juu, na kiasi gani chini? Una hewa ya kutosha kwa samaki kuvuta? Na umekula nini? Hilo la mwisho lilinishangaza. Nilidhani maji ni maji. Lakini maji nayo yana mbolea yake, iletwayo na mito, majani yaliyooza na vyoo vya watu, na mbolea hiyo huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo ndiyo malisho ya dagaa na chaza. Ikiwa kidogo, hori lina njaa. Ikizidi, mimea ile huota kupita kiasi, hufa, huoza, na katika kuoza hula hewa yote ya samaki. Aina moja ya mbolea hiyo ilipimwa kwa rangi. Unatia maji kwenye mrija, unadondosha tindikali na dawa, unangoja, na maji yanageuka buluu. Buluu hafifu kama sabuni ya kufulia iliyokwisha: mbolea ni kidogo. Buluu ya wino: ni nyingi mno. Kazi yangu ilikuwa kuushika mrija kando ya mirija mingine aliyoitengeneza, na kusema unafanana na upi.

Kanisani hapakuwa na maji, kwa hiyo chupa kubwa za kuchotea niliteremka nazo kila jioni nyumbani kwa shangazi, nikazisuuza kwa maji ya mvua, nikazipanga kwenye jamvi zikauke. Zile ndogo za kupimia hewa Bwana Fonseka hakumpa mtu. Siku moja aliteremka mwenyewe kuziangalia chupa zake. Shangazi alimwekea mahamri na mbaazi, akamketisha kwenye kiti chenye mgongo.

"Shikamoo, mama," akasema Bwana Fonseka, ingawa huenda alimzidi umri.

"Marahaba, baba. Kula. Watoto wako hawajambo," shangazi akajibu, akionyesha chupa.

"Watoto wangu?"

"Si ndio unaowabeba kifuani hivi? Mtu huna mke, huna paka, una chupa."

Bwana Fonseka alicheka mpaka akapaliwa na mbaazi. Lakini alipokwenda zake, shangazi aliketi akizitazama zile chupa, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dama, hizi ndizo zitakazosema?"

"Abee, shangazi. Ndizo."

"Basi na ziseme vizuri," akasema.

Majibu ya kwanza yalikuwa wino mtupu. Maji ya mbele ya Mikokoni, wino. Maji ya katikati ya hori, wino. Niliinua mrija kwenye mwanga wa dirisha, nikatamani macho yangu yaniongopee, na mara mbili nikasema rangi iliyo hafifu kidogo kuliko niliyoiona, na mara mbili Bwana Fonseka akasema kwa upole, "Tazama tena, Mwalimu." Nikatazama tena. Alipeleka majibu kisiwani, ziliko ofisi za serikali, kwa mkubwa wake. Sikumlaumu, ndiyo kazi iliyomleta. Nyumbani nilishindwa kula. Shangazi alinisogezea sahani, akaiondoa, akaisogeza tena.

Bwana Afya alirudi na kijana mwenye ndoo ya chokaa. Walipita nyumba kwa nyumba wakichora msalaba mweupe kwenye nguzo, alama ya nyumba itakayobomolewa. Kwa shangazi walichora mlangoni, katikati kabisa, mkubwa. Alikuwa amesimama palepale na kata ya maji mkononi. "Ningekuonyesha nguzo, baba," akamwambia yule kijana. Kijana akachukua ndoo yake, akaenda. Tangu siku ile hatukuufungua mlango wazi kabisa. Tulikuwa tukipita kwa ubavu, kama watu wanaopita chumba cha mgonjwa. Mimi nilianza kuota buluu, na mchana nilikuwa nikitazama mbingu safi juu ya Changamwe nikaona vibaya.

Ilibaki safari moja ya kazi, kuchota maji ya nje kabisa, mbele ya mdomo wa hori, yawe ya kulinganishia. Maji yale yanajulikana kila mahali kuwa maskini wa mbolea. Ndiyo maana ni maangavu. Tulikwenda kwa mtumbwi wa kukodi, tukachota, tukarudi kanisani mchana, nikadondosha dawa, tukangoja. Yakageuka wino. Bwana Fonseka aliketi juu ya kasha. Akaugeuza mrija huku na huku mkononi.

"Mwalimu," akasema, "bahari kuu yote haiwezi kuwa imejaa choo cha Mikokoni."

Alifanya jambo ambalo baadaye nimewafundisha watoto wengi, maana ni zuri kuliko majibu yoyote: alianza kujitilia shaka mwenyewe. Alichukua maji ya mvuke, yasiyo na kitu ndani, akayatia moja kwa moja kwenye mrija pamoja na dawa. Hayakugeuka. Dawa ni nzima, basi. Akayamimina maji yaleyale ya mvuke kwenye chupa kubwa, akaitikisa, akarudi kuyatia kwenye mrija. Buluu.

"Ni chupa," akasema.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchukua kizibo. Shingo ya chupa za namna ile kwa ndani haikuwa laini. Ilikwaruzwa kwa makusudi ili kizibo cha kioo kishike. Nilipitisha kidole pale, kikatoka na unga wa kijivu, laini kama poda ya mtoto. Sikuhitaji kunusa. Nilikulia mikononi mwa unga ule. 

"Ni majivu," nikasema.

Hebu nieleze, kwa sababu jambo hili lina haki ya kueleweka. Mti unapoishi hunywa mbolea ya ardhi. Ukiungua, moshi huenda zake, na mbolea hiyo, ileile tuliyokuwa tukiitafuta katika maji, hubaki katika majivu. Ndiyo maana mkulima huyamwaga shambani. Chembe chache zilizojificha shingoni mwa chupa ziliyeyushwa na tindikali yetu, na zikasema kwa sauti kubwa kuliko hori zima.

Niliteremka kilima nikikimbia. Nyevu alikuwa uwani akipeta mchele. Nilimwuliza nani huziosha chupa baada yangu. Akatazama jikoni kwanza, kisha akaninong'oneza, "Mama. Asubuhi, kabla hujaamka. Mimi nashika, yeye anasugua kwa majivu na kumbi. Alisema chombo cha mgeni hakirudishwi na harufu ya pwani. Alisema wewe unazipitishia maji tu kama mvivu, na hizi chupa zinakwenda kututetea mbele ya serikali, haziendi na madoa." Akaongeza, "Kwani zimekwenda na madoa?"

Nikageuka mbio. Nilirudi kilimani nikiwa nimebeba hofu mbili badala ya moja. Ya kwanza, kwamba Bwana Fonseka hatakubali kurudi kwa mkubwa wake na kusema majibu aliyompelekea hayafai. Watu wengi, na waliosoma zaidi, wasingekubali. Ya pili, kwamba akikubali atamtaja shangazi, na Mikokoni nzima ijue kuwa misalaba ile ilichorwa na kumbi lake la nazi. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa amevua miwani.

"Nitamwambia mkubwa wangu chupa hazikuwa safi," akasema.

"Zilikuwa safi mno, bwana."

"Ndiyo. Lakini hilo halisemeki kisiwani." Akavaa miwani. "Jina la mama yako mdogo silijui. Najua mbaazi zake tu."

Hakuwa akijua kuwa shangazi si mama mdogo, nami sikumsahihisha. Tuliziosha chupa kwa tindikali, tukazisuuza kwa maji ya mvuke mpaka hayakutoa rangi tena, na safari hii zililala kanisani. Tukachota upya mahali pote. Sijapata kungoja tena kama nilivyongoja mbele ya mirija ile, si siku ya mitihani, si siku ya kujifungua. Maana sasa hapakuwa na kosa la kujificha nyuma yake. Kama Mikokoni ilikuwa inalitia hori uchafu, maji yangesema, na ingekuwa kweli. Mrija wa bahari ya nje ulibaki mweupe. Wa katikati ukawa na buluu ndogo. Niliogopa kuuinua wa kwetu. "Tazama, Mwalimu," akasema Bwana Fonseka, nikatazama. Ulikuwa na buluu ya shuka iliyofuliwa mara nyingi, sawasawa na ule wa katikati, na hafifu kuliko maji ya juu, kule mito inakoingilia, ambako hakukai mtu.

Vipimo vya chumvi na hewa vilimalizia habari. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi. Yalipomwagika kwa wingi namna ile yalitandaza blanketi juu ya hori, na bila upepo wala bahari yenye nguvu ya kulichana, maji ya chini yalikosa hewa, huku majani yaliyoletwa na mito yakiozea mlemle na kuimaliza iliyokuwapo. Jaribu mwenyewe: tia maji ya chumvi nusu bilauri, kisha mimina juu yake, taratibu juu ya kijiko, maji matamu yaliyotiwa rangi nyekundu, kama ya damaramu. Yatakaa juu. Ndivyo samaki wetu walivyokufa, chini ya blanketi, na si kwa vyoo vyetu.

Mzee wa mtaa aliletewa habari kwamba Mikokoni itabaki, ila vyoo vichimbwe mbali zaidi na maji. Wanawake walipiga vigelegele. Shangazi hakupiga. Alingoja watu waondoke, akaniita chumba cha mbele.

"Dama. Kwanza yalisema twende, sasa yasema tukae. Maji ni yaleyale. Kilichogeuka ni nini?"

Ningeweza kumwambia kuwa dawa zilikuwa mbovu, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliniuliza kama mtu anayetaka kuelewa, na swali la namna hiyo sijaweza kulidanganya maishani mwangu. Nilimweleza polepole: mti, moshi, majivu, shingo ya chupa. Nyevu alisimama mlangoni akiuma ncha ya leso. Nilipomaliza, shangazi alikuwa akiitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Majivu yangu," akasema.

"Mimi ndimi niliyeshika chupa, mama," Nyevu akasema upesi.

"Wewe nyamaza. Ulishika, hukusugua."

Akainuka, akaenda jikoni. Tulisikia akikorokochoa mafiga, tukatazamana na Nyevu, hakuna aliyethubutu kumfuata. Alirudi na kata ya maji, kumbi la nazi na kiganja cha majivu, akapiga magoti mbele ya mlango wake, akaanza kuusugua ule msalaba. Chokaa ilitoka mapema, lakini yeye hakuacha. Alisugua mpaka jasho likamdondoka puani, mpaka ubao ukaonyesha nyuzi zake. Alipoinuka, pale palipokuwa na alama palikuwa peupe kuliko mlango wote, panaonekana tangu njiani, na hapakupata kufanana na mahali pengine mpaka nyumba ile ilipoanguka kwa uzee. Kila mgeni alikuwa akiuliza palibandikwa nini, na Nyevu ndiye aliyezoea kuwajibu, hata alipokuwa na wajukuu.

"Hapo? Hapo pameoshwa tu."